Marehemu Ametoka Tena

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeanza kazi katika kiwanda cha barafu kilichomuua mume wangu. Nimepewa kizibao cha njano, kofia ngumu, kiti kinachoyumba na cheo: Ofisa Usalama. Tajiri mwenye kiwanda ameona nitapendeza machoni pa wakaguzi, mjane aliyetulizwa, akitembeatembea na kofia kichwani. Mimi nimekubali kwa sababu zangu.

Nilipofungua tu mlango wa chumba cha mitambo, machozi yakanitoka. Si ya huzuni. Gesi inayogandisha barafu, amonia, huvuja kidogokidogo kwenye maungio ya mabomba, na harufu yake ni ya mkojo uliolala chumbani. Mafundi na wabebaji wakacheka. Fundi ambaye mume wangu alikuwa akimwita Swahiba akanipa kitambaa.

"Hayo ni machozi ya ugeni, shemeji. Wiki hii haiishi utakuwa umezoea. Sisi hata hatuisikii."

Wote wananiita shemeji. Shemeji huku, shemeji kule. Walipoulizwa mbele ya tume iliyochunguza kifo chake kama mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa, hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba ana shemeji. Walikaa kimya kama maji ya mtungi.

Naandika hapa nisije nikalainika: nataka Meneja aseme kwa kinywa chake, mbele ya watu, kwamba yeye ndiye aliyeufunga ule mlango. Akishasema, aende anakokwenda. Ikiwa ni jela, nitampelekea sabuni.

Jumanne, 4 Machi

Mvua imeanza. Nimelia tena, wamecheka tena.

Ijumaa, 7 Machi

Meneja ameniita ofisini. Shati jeupe, kucha safi, sauti ya upole ya mtu asiyedaiwa na yeyote. Akaniambia kibali cha kiwanda kinategemea mazoezi ya usalama, na kwamba lazima wafanyakazi wajifunze kutokana na ajali zilizopita.

"Ila, mama, tujifunze bila kufukua makaburi."

"Ondoa shaka, Meneja. Nitaifuata ripoti ya tume neno kwa neno."

Akatabasamu. Hana habari nilichomaanisha.

Niiweke hapa ajali yenyewe, kwa kuwa ripoti imeipotosha. Ilikuwa wakati wa mvua za mwaka juzi. Bomba lilipasuka kati ya mume wangu na mlango wa mbele. Akakimbilia mlango wa nyuma, unaotokea uani. Hapo ndipo alipokutwa, viganja vikiwa juu ya mbao. Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje kwa mnyororo na kufuli, amri ya Meneja, kwa sababu mapande ya barafu yalikuwa yakiibwa kupitia uani. Najua, maana mume wangu alilinung'unikia jambo hilo kila tulipokaa kula. Nilipoisimulia tume wakaniuliza kama siku hiyo nilikuwapo kiwandani. Sikuwapo. Basi, maneno yangu yakaishia hapo. Ripoti ikaandika kuwa mlango ulikuwa wazi, kwamba marehemu alizembea, akafungua koki isiyomhusu, akapagawa na akashindwa kutoka.

Akashindwa kutoka mlango ulio wazi! Fundi aliyekijua chumba kile kuliko sebule yetu.

Jioni mama mkwe alikuwa kwenye cherehani. Tangu mwanawe afe tunaishi pamoja, wanawake wawili wenye ulimi mkali, na majirani wanatuogopa. Hakuinua hata macho.

"Umemwuma wapi leo?"

"Bado nanoa meno, Mama."

Jumatano, 12 Machi

Paa la ofisi yangu linavuja. Nimeweka ndoo.

Ijumaa, 14 Machi

Kabla ya kuolewa nilifundisha shule ya msingi, na huko nilijifunza kwamba mtoto husahau alichoambiwa lakini hasahau alichoigiza. Basi leo nimeigizisha. Nimemchagua mbebaji mmoja mnene, wanamwita Pipa, awe marehemu. Mitambo ilizimwa, zamu nzima ikajipanga ukutani, mimi nikasoma ripoti kwa sauti.

"Bomba limepasuka hapa. Marehemu amekimbilia mlango wa nyuma. Mlango, kwa mujibu wa ripoti, uko wazi. Haya, kimbia."

Pipa akakimbia, akausukuma mlango kwa tumbo, huyo uani kwenye mvua.

"Nimetoka, shemeji!"

"Ripoti inasema umefia hapo ndani."

"Sasa nifie ndani kwa lipi, na mlango uko wazi?"

Wakacheka. Nikamwambia arudi, maana ripoti inasema alipagawa, basi apagawe. Pipa akapagawa kwelikweli. Akazunguka kama kuku, akagonga kichwa kwenye pipa la mafuta, akapiga ukelele, na mwisho wake akaangukia uani. Mtu mmoja akapaza sauti, "Marehemu ametoka tena!" Wakashika mbavu.

Mimi sikucheka. Nikawaambia kwa utulivu kwamba Ijumaa ijayo tutarudia, mpaka tumpate marehemu anayeshindwa kutoka kama ripoti inavyotaka. Vicheko vikapungua. Nadhani wenye akili walikwisha kunielewa.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Mama mkwe ameuliza kama kawaida. Nikamwambia nimewauma wengine kwanza.

Ijumaa, 21 Machi

Leo marehemu alikuwa mwingine, akatoka. Akafuata mwingine, naye akatoka. "Marehemu ametoka tena" imesemwa kwa sauti ya chini na hakuna aliyecheka.

Kisha nikamweka Swahiba nje, uani, acheze sehemu yake mwenyewe, kwa kuwa yeye ndiye aliyemtoa mume wangu. Nikamwambia aje mbio afungue. Akaja mbio. Alipofika mlangoni mikono yake miwili ikaenda kiunoni pa mlango, ikashika kitu ambacho hakipo, ikakitikisa. Ndipo akakumbuka, akavuta kitasa.

"Ulikuwa umeshika nini, shemeji?"

"Hakuna kitu."

"Naona. Ulikuwa unatikisa hakuna kitu."

Akaniangalia kwa macho mekundu, akaenda zake kwenye mvua bila kofia. Swahiba huyu alikula nyumbani kwangu zaidi ya kwake. Kwenye tume aliapa kwamba mlango ulikuwa wazi. Leo nimemchukia kuliko Meneja, maana Meneja hakuwahi kuniambia ananipenda kama dada yake.

Ijumaa, 28 Machi

Habari zimemfikia. Meneja amekuja mwenyewe, amefura, kutaka kujua michezo ya kuigiza inafanyika kwa idhini ya nani. Nikamwonesha masharti ya kibali: uongozi ushiriki mazoezi. Nikamwambia ninafurahi amefika, kwa kuwa leo hatuna marehemu.

Watu walikuwa wakitutazama. Kukataa kungekuwa kusema jambo. Akavua saa, akaingia.

Nilisoma ripoti. Akatembea mpaka mlangoni, akausukuma, akatoka uani, akajifuta matone begani.

"Nimetoka. Tumemaliza?"

"Marehemu hakutembea, Meneja. Na hakutoka. Rudi ufe."

Nani alimeza mate sijui, lakini nilimsikia. Meneja akarudi. Nikamfundisha. Gesi hupanda juu, kwa hiyo unajitupa chini. Unalowesha shati, unafunga pua na mdomo. Unatambaa huku bega la kulia likigusa ukuta, ukuta haukuachi mpaka mlangoni. Nilimrudisha alipoinua kichwa, nikamrudisha alipouacha ukuta, nikamrudisha kwa kuwa nilitaka tu kumrudisha. Sitaki kujidanganya kwamba nilikuwa namtakia uhai. Nilitaka magoti yake yaijue ile saruji, na tumbo lake, na shavu lake, palepale mume wangu alipolaza lake.

Alipoinuka shati lilikuwa jeusi kwa mbele. Nikamwambia Ijumaa ijayo tena, maana uongozi ndio mfano.

Mama mkwe alipouliza nikamjibu, "Tumboni, Mama. Na magotini." Akasimamisha cherehani ili anisikie vizuri, akanitaka nianze upya, polepole, nisiruke kitu.

Jumatano, 2 Aprili

Mafuriko kidogo barabarani. Nimefika nimelowa mpaka kwenye mifupa.

Jioni mama mkwe akanisimulia kipindupindu cha utoto wake. Mtaa wao ulikuwa na kisima kimoja, maji matamu, kila mtu akikisifu. Watu walipoanza kufa, wakubwa wakasema waliokufa ni wachafu, wanakula ovyo, hawanawi. Dada yake mkubwa alikuwa msafi mpaka anachekwa, naye alipokufa wakasema basi alikula ovyo kwa siri. Kisima kilikuja kufungwa alipougua mtoto wa aliyekichimba.

"Marehemu hana mdomo, mwanangu," akasema. "Anabebeshwa tu. Na walio hai wanaendelea kuchota."

Bado naifikiria kauli hiyo ya kuendelea kuchota. Hata sisi, bomba lililopasuka mwaka juzi limeungwa kiraka palepale, na mitambo inanguruma.

Jumatano, 9 Aprili

Jambo limenitisha leo. Nilikuwa nimesimama chumba cha mitambo nikipiga soga na Pipa, akaingia muuza chai wa getini kutuletea vikombe. Alipovuka kizingiti tu akaziba pua na machozi yakamtoka.

"Mnakaaje humu nyie?"

Nikavuta pumzi kwa nguvu. Sikusikia kitu. Nikavuta tena. Hakuna. Pua yangu imekufa. Nimekuwa kama wao.

Nililia chooni, kwa hasira. Nilidhani kunyamaza kwao ni uoga mtupu, kumbe hata mwili hujifunza kunyamaza, na wangu umejifunza upesi kuliko nilivyodhani. Nimeweka utaratibu mpya: kila asubuhi kabla ya kazi, Mama Chai apite vyumba vyote kutuazima pua yake. Wafanyakazi wameona ni kichekesho. Meneja ameniuliza kama nimechanganyikiwa. Mama Chai mwenyewe amekubali kwa sharti kwamba avae kofia ngumu, na akishaivaa haivui, anauzia chai hivyohivyo.

Ijumaa, 11 Aprili

Meneja amekufa vizuri leo. Ametambaa bila kuambiwa.

Jumanne, 15 Aprili

Nimeikuta kamba.

Upepo wa usiku uliubamiza mlango wa nyuma mpaka bawaba ikalegea, na mvua ikawa inaingia ndani. Basi asubuhi zamu ikachukua kamba ya bluu, ikaufunga mlango kwa nje kwenye ndoano ileile ya mnyororo. Fundo juu ya fundo. Nilisimama nikiutazama nikadhani naota.

"Nani kafanya hivi?"

Nilikuwa nimejiandaa kusikia jina la Meneja. Nilikuwa na hamu nalo. Pipa akainua mkono kama mtoto darasani.

"Sisi tu, shemeji. Ulikuwa unatupigia kelele. Tungeufungua baadaye."

Sisi tu! Baada ya kumwigiza marehemu kila Ijumaa kwenye mlango huohuo! Hawakula njama, hawakuficha, hawana hili wala lile. Mlango ulikuwa na kelele wakaunyamazisha. Nilikwenda kwa Mama Chai nikaazima kisu, nikaikata ile kamba vipande vipande mbele yao, nikawapa vipande vyao vya maneno pia. Kisha nikaomba bawaba mpya, nikajibiwa kwamba itaagizwa.

Kisu sijakirudisha. Natembea nacho mfukoni.

Jumatano, 16 Aprili

Nimemweleza Mama habari ya kamba. Hakuuliza nimemwuma wapi. Amesema, "Basi ni wengi." Nikamwambia hapana, mwenye ufunguo alikuwa mmoja. Tumelala tumenuniana.

Ijumaa, 18 Aprili

Mazoezi. Mvua. Bawaba bado.

Alhamisi, 24 Aprili

Nisipoandika leo kesho nitaanza kujipamba.

Dhoruba ilianza alfajiri. Umeme ukawa unakatika na kurudi, na kila unaporudi mitambo inashtuka na mabomba yanatetemeka. Mama Chai alipita na kofia yake kama kawaida, lakini leo alitoka mbio chumba cha mitambo, anapiga chafya na kukohoa. "Leo si ile ya siku zote. Leo inachoma koo." Nikaenda kwa Meneja, nikamtaka azime kila kitu.

"Siku hizi kiwanda kinaendeshwa na muuza chai?" akasema. "Toa watu wako wakanyeshewe kama mnapenda. Mimi naingia mwenyewe kuwaonesha kwamba hakuna kitu."

Nikawatoa. Walijipanga getini, kila mtu na mwenzake, kama tulivyozoea. Yeye akaingia peke yake, mwavuli mkononi.

Tukasikia mluzi. Kisha kishindo, na chini ya mlango wa mbele ukatoka moshi mweupe. Kiraka cha mwaka juzi kilikuwa kimeachia. Swahiba akapiga yowe kwamba Meneja yumo. Mimi nikakimbia kuzunguka jengo, matope mpaka magotini, upepo ukinipiga mgongoni na kuipeleka gesi upande wa pili.

Kwenye mlango wa nyuma kulikuwa na kamba mpya. Ya bluu. Walikuwa wameufunga tena jana, kwa sababu ya upepo.

Mlango ukagongwa. Uligongwa kwa chini, karibu na kizingiti. Alikuwa ametambaa. Alikuwa amefanya yote niliyomfundisha, akafika palepale, na mlango haukufunguka.

Nilikitoa kisu. Nikasimama nacho.

Nimesema sitajipamba. Hakuna aliyenishika mkono. Nilisimama kwa sababu nilikuwa nimefika. Usiku wote ule wa kulala macho, mate yote niliyomeza mbele ya tume, vilikuwa vimenileta kwenye mlango huu, yeye upande ule na mimi upande huu. Nilisikia utamu mdomoni, naapa. Nilitaka afe, na nilitaka afe akijua.

"Fungua! Nani yuko hapo? Fungua!"

"Mlango uko wazi, Meneja. Ripoti inasema uko wazi. Labda umepagawa."

Akakohoa, kikohozi cha mtu anayepasuka. Akagonga tena. Nikainamia ufa.

"Nani aliufunga mlango huu mwaka juzi?"

"Nakufa, mama!"

"Nani aliufunga?"

"Mimi! Niliufunga mimi! Ufunguo niliondoka nao mfukoni, mimi! Fungua!"

Alisema. Nimeisubiri sauti ile mvua hadi mvua, na ilipokuja ilikuwa sauti ya mtu yeyote anayekufa. Ingeweza kuwa ya mume wangu. Baridi ikaniingia mwili wote, nikaanza kukata, na kamba ilikuwa imelowa na kuvimba, kisu kikateleza. Nikakata kidole. Kule chini hakugongwi tena. Ndipo Swahiba akatokea, na nyuma yake Pipa na wengine, sijui walikuwa wamefika zamani kiasi gani. Swahiba hakuninyang'anya kisu. Aliishika kamba kwa mikono yote miwili, akaivuta ikakaza, akasema, "Kata, shemeji," nikakata, ikakatika.

Akaangukia uani kifudifudi, shati bichi limefungwa usoni kama nilivyomfundisha. Tulimburuta upande upepo unakotokea, tukammwagia maji, mengi, na mvua ikatusaidia. Alikuwa hai. Nilipoona kifua kinapanda na kushuka nilitaka kumpiga teke. Mume wangu alikuwa mwema kuliko yeye, fundi kuliko yeye, na hakupata mtu wa kumkatia kamba.

Ijumaa, 25 Aprili

Hakuna mazoezi. Mama mkwe hajauliza kitu. Amenifunga kidole kwa kitambaa kipya na kukibusu.

Jumatano, 30 Aprili

Nimekwenda hospitali. Sikwenda kumpa pole.

Meneja amelala na macho yamevimba, sauti imebaki mnong'ono. Mkewe aliponiona akanikumbatia, akanishukuru kwa kumwokolea mume, nikasimama kama mti. Alipotoka kutafuta maji ya moto, Meneja akafungua macho.

"Ulisimama," akanong'ona.

"Nilisimama. Wewe uliondoka na ufunguo."

Akafumba macho. Mkewe aliporudi nikamsaidia kumimina maji kisha nikaaga.

Jumatatu, 5 Mei

Mvua imepungua. Mkaguzi mpya atakuja Ijumaa. Leo Pipa alinijia ofisini, akafunga mlango, akanong'ona kwamba wamekubaliana: wakiulizwa, watasema shemeji alifika akakata kamba papo hapo. "Hakuna atakayekuangusha," akasema. Alidhani ananipa zawadi.

Ijumaa, 9 Mei

Mkaguzi ni mwanamke mwenye viatu vya mpira na maneno machache. Ametaka kuona ajali ya mwaka juzi kama ripoti inavyoeleza. Pipa akawa marehemu. Akatoka. Mkaguzi akaitazama ripoti, akautazama mlango.

"Marehemu ametoka," akasema.

"Hutoka kila mara," nikamjibu.

Akawageukia wanaume. Akawauliza kama mlango kweli ulikuwa wazi. Kimya. Nikaona kitakachotokea ni kilekile cha tume, nikahisi hasira zangu zote zikipanda upya. Ndipo Swahiba akaondoka bila kuaga. Akarudi na sanduku lake la vifaa, akaondoa spana moja moja, akatoa chini kabisa mnyororo wenye kutu na kufuli lake.

"Meneja alikuwa kwa kinyozi," akasema, akiongea na mnyororo. "Nilimsikia rafiki yangu akigonga. Nikakimbilia ufunguo. Niliporudi nao hagongi tena. Nikafungua. Kabla polisi hawajafika nikaambiwa niutoe mnyororo, nikautoa. Niliambiwa niutupe. Sikuweza."

Nikamwambia aufunge kama ulivyokuwa. Mkaguzi akauliza nani atakuwa marehemu. Nikasema mimi.

Chumba kilikuwa kimepoa, mitambo imekufa, mabomba yamefunguliwa. Nikajitupa chini, nikatambaa bega likigusa ukuta, mpaka kizingitini. Nikausukuma mlango. Mnyororo ukalia nje, basi. Nikausukuma kwa mabega. Nikaweka viganja juu ya mbao.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba ukiwa ndani unasikia kila kitu. Nilisikia maji yakidondoka kutoka kwenye paa, viatu vya Mkaguzi, Pipa akisafisha koo, Swahiba akilia. Kwa hiyo mume wangu alimsikia Swahiba akiondoka mbio. Na Meneja alinisikia mimi nikisimama. Nililia hapo sakafuni, kilio ambacho sikukilia hata siku ya maziko.

Nje mtu akasema taratibu, "Leo marehemu hajatoka."

Waliponifungulia Mkaguzi alinipa mkono niinuke. Kisha akaniuliza, kwa kuwa ni kazi yake, kama siku ya kamba niliikata mara tu nilipofika. Wanaume wote wakaangalia chini, tayari kunidanganyia. Nilizijua zile shingo. Ndizo walizomdanganyia Meneja.

"Hapana," nikasema. "Nilimwacha agonge. Nilitaka afe."

Nikavua kizibao cha njano, nikakitundika kwenye ile ndoano.

Ijumaa, 23 Mei

Jua. Matope yamekauka barabarani.

Ripoti imeandikwa upya na neno uzembe halimo tena penye jina la mume wangu. Meneja ana kesi. Mimi sina kazi, na nitaitwa kutoa ushahidi, nami nitayasema yote, yake na yangu. Sijamsamehe. Mama mkwe ameniuliza jioni nitamwuma wapi mahakamani, nikamwambia palepale, na akiniuma nami atakuwa na haki. Akafikiri, akaendelea kushona.

Leo nilipita kwa Mama Chai kumrudishia kisu chake. Bado amevaa kofia. Tukiwa tumekaa getini, kiwanda kikiwa kimeanza kazi tena, upepo ukageuka, na ghafla pua ikaniwasha, machozi yakanitoka. Pua yangu imerudi. Mama Chai akacheka, akanimiminia chai.

Ilikuwa saa ya mazoezi. Niliisikia sauti ya Swahiba ikisoma ndani, kizibao sasa anakivaa yeye. Kisha mlango wa nyuma ukasukumwa, ukafunguka wote kwa bawaba mpya, na Pipa akapiga kelele uani kwamba marehemu ametoka tena. Wakacheka, hata mimi nikacheka.

Halafu nikaendelea kukaa pale, chai ikipoa mkononi, nikisikiliza kama kuna mwingine atakayetoka nyuma yake.